K Moja Iliyokosekana kwenye Bango

Alhamisi, Butembo. Mvua tangu alfajiri. Barabara inayoteremka kutoka Rughenda imekuwa tope tupu, na kila anayeingia kibandani kwangu ananiachia udongo wa kutosha kupanda viazi. Umeme ulikuja saa mbili, ukaondoka saa tatu. Nimefanya kazi kwa betri ya sola, nimejitanda vitenge viwili, na bado vidole vinagoma.

Nianze na habari njema, kwa sababu ndiyo iliyotangulia. Asubuhi hii nimemaliza herufi K.

Kwa mtu atakayefika hapa bila kunijua: naitwa Kavira, naandika vibao vya maduka na mabango ya harusi na misiba. Kwa miezi saba nimekuwa nikichora fonti kwenye kompyuta, nikiiga herufi za mbao ambazo marehemu Papa, baba yangu, alizitumia wakati wa vita kule Beni, kwenye emprimeri ya misheni, alikokuwa mpanga herufi na mchapaji. Ni herufi kubwa, nene, ndefu, zimebanwa mbavu ili jina refu lienee kwenye mstari mmoja, na kila moja ina vikanyagio, vijimstari vidogo vya kusimamia, juu na chini. Hazifai kwa barua wala kitabu. Ukizifanya ndogo zinakuwa giza tupu. Kazi yake ni kusomwa na mtu aliyesimama mbali. Papa aliziita Basista, kwa kuwa zilisimama wima, zimevaa nyeusi, zimekaribiana kama masista wanaokwenda kupokea komunyo.

Sanduku la herufi hizo lilitoka Ubelgiji zamani, kabla Papa hajaajiriwa. Aliyelifungasha huko alikuwa anafikiria Kifaransa. A na E zilijaa hadi kumwagika, Q zilikuwa tatu, na K zilikuwa mbili.

Mbili, kwa nchi ya Wanande.

Kwetu mtoto hupewa jina kwa nafasi aliyozaliwa. Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, na mimi Kavira ni msichana wa pili. Kila nyumba ina Kambale wake. Basi Papa alikaa barazani na kisu na kipande cha msasa, akachonga K sita kwa mti wa mpera, akiiga zile za Wabelgiji kwa jicho. Zilitoka na mkono ulioshuka kidogo na mguu mmoja mnene kuliko mwenzake. Jumla zikawa nane. Akajifunza pia kukwepa. Kichwa cha tangazo la msiba hakikuandikwa kamwe "wamekufa", kiliandikwa TUWAOMBEE, ili K zote zibaki kwa ajili ya majina.

Kwenye fonti yangu nimeiga K ya mpera, ile ya Ubelgiji nimeiacha. Nilipomaliza nilijisifu peke yangu kwa sauti, nikajimiminia chai, nikaweka sukari zaidi ya ninayoruhusiwa na daktari.

Halafu Masika akaingia.

Sikuwa namjua. Ni mama wa umri kama wangu, kitenge cheusi, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Alisema mama yake amefariki juzi kwa presha, hapa mtaani, nyumbani kwake Masika, alikokimbilia tangu mapigano yalipofika tena upande wa Lubero. Anataka kalikoti ya kutundika mbele ya nyumba ya matanga, kitambaa kirefu chenye jina la marehemu, na pia tangazo la karatasi lenye majina ya familia.

"Nimeona kibao chako pale inje," akasema, yaani kile nilichokichora kwa brashi. "Herufi njo zile zile. Mama alisemaka, siku nitakufa muniandike na zile."

Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa bango la zamani lililokunjwa mara nne, mikunjo imezibwa kwa utepe wa gundi uliokwisha kuwa wa manjano.

Nilijua kabla hajalikunjua.

TUWAOMBEE. Chini yake majina manane. Nililichapa mimi, kwa mikono hii, na kwa miaka yote hii nimeandika shajara kuhusu mambo elfu moja ili nisiandike kuhusu hilo. Leo naliandika.

Ilikuwa Jumamosi. Wiki ile lori lililobeba abiria na viazi kutoka Lubero kwenda Beni lilishambuliwa porini. Watu wenye bunduki. Wa upande gani, kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna aliyelisema kwa sauti. Wanakijiji wa karibu waliwazika waliokufa palepale, harakaharaka, katika shimo moja, kabla ndugu hawajafika. Hakuna familia iliyoona mwili. Katekista wa kijiji hicho aliandika majina kwa kuwauliza walionusurika, akatuma karatasi misheni, na padri akataka bango kubwa kwa misa ya Jumapili, lisomeke na watu watakaobaki nje ya kanisa.

Papa alikuwa kitandani na malaria, anatetemeka hadi kitanda kinalia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na mikono yangu ilishajua kazi. Nikapanga majina. Kasereka mmoja, K mbili. Kakule mmoja, K mbili. Kambale wawili, Paluku mmoja, Kahindo mmoja. Mbusa na Muhindo hawakuhitaji K yoyote. Majina manane, K nane, zikaisha sawasawa. Nakumbuka nilifurahi, kama mtu aliyefanikiwa kufunga mzigo wote kwenye baiskeli moja.

Ndipo nikageuza karatasi.

Nyuma kulikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko uleule wa katekista: "Kambale, wa viazi, Lubero."

Nilihitaji K moja tu. Kipande cha mpera kilikuwa mezani na kisu kilikuwepo. Ningeweza kuchapa manane kwanza, kisha kufungua fremu, kusafisha herufi, kupanga jina la tisa na kupitisha karatasi zote mara ya pili. Ningeweza hata kuliandika kwa brashi. Lakini saa kumi ilikuwa inakaribia, wanajeshi walikuwa wanafunga barabara saa kumi na moja, na nilikuwa na njaa. Naandika njaa makusudi, nisije nikajificha nyuma ya wanajeshi. Tangu asubuhi sikuwa nimeweka kitu tumboni na nilitaka kwenda nyumbani.

Nikajiambia Kambale bila jina la pili ni kama hakuna mtu. Nikajiambia pengine katekista amemrudia mmoja wa wale wawili wa mbele. Ule "wa viazi" niliuona vizuri, na Lubero niliiona vizuri, na bado nikajiambia hivyo.

Nikajiambia: Kambale wawili wametosha.

Nikatia karatasi mfukoni, nikachapa. Jioni Papa aliniuliza kutoka kitandani kama nimemaliza majina yote. Nikamjibu yote.

Kesho yake, kabla ya misa, watu walijaa mbele ya bango. Wengine walipiga kelele, wengine waliondoka kimya wakishikiliana. Kulikuwa na mama mmoja peke yake, tope hadi magotini, ambaye alikuwa amesimama karibu mno, pua inakaribia karatasi, akifuatisha mistari kwa kidole. Aliona wino kwenye kucha zangu, akanishika mkono.

"Dada, unisomee. Miye hapana jua kusoma."

Nikamsomea. Nilipofika Kambale wa kwanza vidole vyake vilinibana hadi nikaumia. "Ni Kambale gani?" Nikamtajia jina la ubatizo. "Huyo hapana wa kwangu. Wa kwangu iko anauzisha viazi." Kambale wa pili, vilevile. Nikasoma hadi mwisho.

"Njo basi? Hapana mwingine?"

Nilikuwa nimevaa gauni lilelile la Jumamosi. Karatasi ya katekista ilikuwa mfukoni.

"Hapana mwingine, Mama."

Alikaa chini palepale kwenye majani, akaanza kucheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka, huku kamasi na machozi vinamtiririka. Akaniombea baraka kwa Kinande, kwangu na kwa watoto nitakaozaa. Kisha akaniuliza kama anaweza kupata bango moja apeleke Lubero, awaonyeshe wanaosema mwanawe amekufa. Nilikimbia emprimeri kumletea. Nilikimbia kweli, kwa sababu nilitaka aondoke mbele ya macho yangu.

Sikumwambia siku hiyo. Siku iliyofuata njia ilifungwa. Mwezi mmoja baadaye tuliikimbia Beni, Papa akisukuma baiskeli yenye sanduku la herufi badala ya magodoro, mama yangu akimlaani njia nzima. Tulipokwama siku tatu bila kuni tulipikia maharage kwa Q na X, ambazo hazikuwa na kazi kwetu. Karatasi ya katekista niliiweka chini kabisa ya sanduku, kwenye chumba cha K. Papa alifia hapa Butembo bila kujua. Mara nyingi nilitaka kwenda Lubero kumtafuta yule mama, na kila mara kulikuwa na sababu ya kutokwenda, na nyingi kati ya sababu hizo zilikuwa za kweli.

Leo Masika alinisimulia mengine yote, bila kujua anamsimulia nani, huku anakausha miguu kwa gunia langu la mlangoni.

Mama yake hakukubali matanga ya Kambale yafanyike. Hakuna aliyelala nje kwa ajili yake, hakuna misa iliyosomwa kwa jina lake. Mtu mmoja aliyenusurika kwenye lori lile alikuja Lubero akasema alimwona Kambale akianguka. Mama akamfukuza, akamnyooshea bango. "Kitu ya misheni hapana danganya," alimwambia, "na herufi kubwa vile." Mke wa Kambale alipotaka kuolewa tena, mama alimkatalia kwa bango hilohilo. Yule mwanamke alingoja miaka tisa, kisha akavuka kwenda Uganda bila kuaga. Kila mwaka mama alishuka hadi Beni kuuliza kwenye kambi, kwenye gereza, hospitalini, mpaka miguu ikakataa. Na safari hii, watu walipoanza kukimbia, alikuwa wa mwisho mtaani kutoka, kwa kuogopa kwamba Kambale atarudi akute nyumba imefungwa. Ilibidi abebwe.

Masika hakusimulia kwa uchungu. Alisimulia kama tunavyosimulia ukaidi wa wazazi wetu wakishaondoka, anatikisa kichwa, karibu anatabasamu. Akaniachia karatasi yenye majina. Mume wa marehemu na Paluku, kifungua mimba wao wa kiume, walishatangulia. Watoto walioachwa: Masika, Kambale, Kasereka.

"Kambale umuandike pamoja na batoto bengine," akasema. "Uongeze, popote alipo. Donc basi, nitarudi saa tisa kuangalia."

Nikamwambia sawa.

Alipoondoka nilifungua kompyuta. Nikaandika jina la marehemu kwa Basista wangu wapya, Kahambu, na jina la ubatizo, kwa upana wote wa kitambaa. Likakaa vizuri mno. Nilikasirika kwa jinsi lilivyokaa vizuri, na kwa jinsi jicho langu lilivyofurahi bila kuniomba ruhusa. Nikashuka kwenye tangazo la karatasi. Masika, K moja. Kambale, K moja. Kasereka, K mbili. Kwenye kompyuta K haziishi. Unabonyeza tu.

"Kambale, popote alipo."

Sikuweza. Najua alipo. Yuko kwenye shimo lile porini pamoja na wenzake wanane, na amekuwa huko siku zote ambazo mama yake alikuwa anazunguka magerezani. Nikamaliza chai iliyokwisha poa. Nikavuta sanduku la Papa kutoka chini ya meza, nikaondoa herufi zilizosalia moja moja, nikaitoa karatasi. Mchwa walikuwa wamekula pembe mbili, lakini mstari wa nyuma ulikuwa mzima.

Masika alirudi saa tisa na robo, mvua bado inapiga mabati. Nilimpa kiti. Nikaweka karatasi mbele yake, upande wa nyuma ukiwa juu, nikasimama nikamwambia yote, K nane, njaa, gauni, hadi baraka za mama yake. Nilikuwa nimejiapiza nisilie, maana ningelia angelazimika kunibembeleza, na hilo lingekuwa wizi mwingine. Sikulia. Sauti ilitoka mbaya, lakini ilitoka.

Alisoma mstari ule kwa muda mrefu. Una maneno manne tu.

"Njo weye ulimusomea?"

"Ni mimi."

Nje pikipiki moja ilikwama kwenye tope, mwenyewe akawa anaitukana kwa Lingala, na sisi wawili tukaisikiliza kana kwamba ndiyo iliyotuleta pamoja. Kisha Masika akasema, bila kuniangalia:

"Mama alikuwa anakuombea. Dada wa wino, alikuitaka vile. Kila mangaribi, mpaka ile siku alikufa. Miye nilifikiriaka ni mutu wa zamani sana, pengine alishakufa."

Aligeukia kioo cha kompyuta, ambapo jina la mama yake lilikuwa limesimama, nene, refu, limebanwa mbavu, kama alivyoagiza mwenyewe.

"Toa hizo herufi. Hapana uandike mama na hizo."

Nikamuuliza anataka zipi.

"Zozote."

Akasimama. "Na Kambale umutoe ku batoto benye kubaki. Umuweke pamoja na papa na Paluku." Alichukua karatasi ya katekista, akaikunja kwa uangalifu, akaitia kifuani. Bango akaliacha mezani. Nilimwita mlangoni kumkumbusha, akaniangalia mara moja tu, na nikaelewa kwamba hakuwa amelisahau.

Nimeandika kila kitu upya kwa herufi za kawaida zilizokuja na kompyuta, zile nyembamba zisizo na vikanyagio, ambazo kila kibanda cha Butembo kinazo. Ilibidi nipunguze ukubwa ili jina lienee kwenye kitambaa. Kambale ameingia kwenye mstari wa waliotangulia, baada ya baba yake na Paluku. Shemeji yao mmoja alikuja kuchukua kazi saa kumi na nusu. Alihesabu tangazo moja moja, akasema asante, akaondoka. Sijui ameambiwa nini.

Miezi saba ya kuchora, na mteja wa kwanza ameikataa. Amefanya haki, na nimekaa nikitafuta hasira ndani yangu sijaiona.

Bango bado liko hapa mezani. Nimelitazama kwa makini kama nilivyokuwa nalitaka miezi yote hii, kwa ajili ya maumbo ya herufi, vikanyagio, ule mkono wa K ulioshuka. Chini ya jina la nane kuna nafasi tupu, pana kama mstari mmoja. Ilikuwepo siku zote. Papa alinifundisha kuacha nafasi chini ili macho yapumzike.

Nimepima nafasi ile kwa rula. Nimeandika mstari wa tisa kwa Basista, nimelilaza bango kwenye mashine, nimechapa: KAMBALE, WA VIAZI, LUBERO. Wino mpya ni mweusi kuliko wa zamani, mtu yeyote ataona kwamba umeongezwa. Kazi yote haikufika dakika tano.

Wanazika kesho saa nne. Masika hakusema niende, wala hakusema nisiende. Nitakwenda, nitasimama nyuma ya watu wote, na kama wakinifukuza nitaondoka bila kubishana. Nitabeba bango. Kama hawatanifukuza, nitamwomba Masika ruhusa ya kwenda kwa padri kuandikisha misa ya Kambale, na mke wake kule Uganda naye lazima atafutwe aambiwe, na wa kumwambia ni mimi.

Mvua imepungua. Ni mangaribi ya tatu sasa ambayo hakuna anayemwombea dada wa wino.